Baba anauliza: kusoma vitabu vya wanawake wa kale ni kazi gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24. Nilimaliza shahada ya fasihi mwaka jana, na sasa nafundisha kwa muda shule ya sekondari hapa Morogoro. Nilisoma vipande vya Margery Kempe wa Uingereza na Christine de Pizan, mwandishi wa Ufaransa, kwenye simu, vikaniteka. Natamani kuwa mtaalamu wa maandishi ya wanawake wa Ulaya ya zama za kati. Baba anasema hiyo si kazi, ni kupoteza muda. Mtaalamu wa namna hiyo anafanya nini hasa, na anaishije?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nisalimie baba. Swali lake si la kupuuzwa, kwa hiyo nitalijibu pamoja na lako. Hata wangu aliniuliza hivyohivyo, tena mbele ya wageni.

Nikikueleza kwa jumla utaondoka na maneno matamu tu. Afadhali nikusimulie maisha ya mtu mmoja, uyapime mwenyewe. Anaitwa Hope Emily Allen, Mmarekani, aliyezaliwa 1883 huko Oneida, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wanajumuiya wa Oneida, watu wa dini waliomiliki kila kitu kwa pamoja. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1881 ikageuzwa kampuni ya hisa, na kampuni ikaja kujulikana kote Marekani kwa vijiko na uma zake. Vijiko hivyo viweke akilini, nitavirudia.

Allen alisoma chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, akapata shahada ya kwanza 1905 na ya pili mwaka uliofuata, halafu mwaka 1910 akavuka bahari kwenda Newnham, chuo cha wanawake cha Cambridge. Orodha ya vyeo vyake karibu iishie hapo. Hakuwahi kushika kiti cha uprofesa wala nafasi ya kudumu ya kufundisha chuo kikuu. Na bado leo huwezi kufungua kitabu chochote kikubwa cha fani yetu usimkute.

Alianza kwa kumnyang'anya mtu kitabu. Kulikuwa na utenzi mrefu wa kidini wa Kiingereza cha kale, *The Prick of Conscience*, uliopendwa mno hadi leo nakala zake za mkono zilizosalia zinapita 100. Kila mtu alisema mtungaji ni Richard Rolle, mtawa mpweke wa Yorkshire aliyefariki 1349. Mwaka 1910, akiwa na miaka 26, Allen alichapisha hoja kwamba Rolle hakuutunga, akashinda. Rolle alikuwa amegeuzwa kapu: kila andiko la dini lisilo na mwenyewe lilitupwa humo. Allen akatumia zaidi ya miaka 15 kulimwaga kapu lile na kulipanga upya, akipita maktaba kwa maktaba, akifungua muswada mmoja, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, baada ya mwingine. Matokeo yake ni kitabu kinene cha 1927 ambacho kilimpatia tuzo ya Rose Mary Crawshay ya British Academy mwaka 1929.

Utaniuliza, Rolle ni mwanamume, wanawake wako wapi? Wako upande wa pili wa kalamu. Rolle aliwaandikia wanawake. Moja ya maandishi yake mazuri alimwandikia Margaret Kirkby, mwanamke aliyekuwa amejifungia chumbani kwa ajili ya sala. Kuna na kitabu kingine cha karne ya 13, *Ancrene Wisse*, kilichotungwa kwa ajili ya wanawake wa namna hiyo, dada watatu kwa kuanzia, kikiwaelekeza mpaka mambo ya chakula na mavazi na kuwaruhusu kufuga mnyama mmoja tu, paka. Fani unayoitaka haina waandishi wa kike peke yao. Ina wasomaji wa kike, walioagiza vitabu, waliosomewa, waliosimulia mtu mwingine akaandika. Ukisubiri mwanamke aliyeshika kalamu kwa mkono wake mwenyewe utabaki na wachache sana, Christine wako akiwa mmojawapo.

Katika *Ancrene Wisse* Allen alikosea, na nakwambia mapema ili usije ukadhani wakubwa hawakosei. Mwaka 1918 alitoa hoja kwamba wale dada watatu walikuwa wa Kilburn, jirani na London, katika karne ya 12. Mwaka 1929 Tolkien, ndiyo, yuleyule wa hadithi za mazimwi na pete, akaonyesha kwa uchambuzi wa lugha kwamba maandishi yale ni ya magharibi, mpakani kuelekea Wales. Hoja ya Kilburn ikafa. Yeye hakufa nayo, akaendelea na kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika jumba la Southgate House karibu na Chesterfield, wageni wa Kanali William Butler-Bowdon walikuwa wakicheza tenisi ya meza. Mpira ukakanyagwa ukapasuka. Mwenye nyumba akaenda kwenye kabati kutafuta mwingine, akakuta rundo la vitabu vikuukuu vya jalada la ngozi, vimevurugika ovyo. Familia ilisimulia baadaye kwamba alikasirika, akasema kesho yake atavitia vyote moto ili siku nyingine mipira ionekane. Mgeni mmoja akamsihi awaonyeshe kwanza wajuzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kitabu kimojawapo kilifika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, mwaka 1934. Hakikutambuliwa. Akaulizwa Evelyn Underhill, mwandishi mashuhuri wa mambo ya kiroho, naye akasema aitwe Allen, aliyekuwa Uingereza wakati ule. Allen akaja, akasoma, akajua amekutana na nani.

Hapa ndipo watu husema alikuwa na bahati. Sasa tazama alichokuwa nacho kichwani. Hadi siku ile dunia ilikuwa na kurasa saba tu za Margery Kempe, kijitabu kilichopigwa chapa na Wynkyn de Worde mnamo 1501, chenye maneno ya sala na upole yasiyokuwa na mtu ndani yake. Mwaka 1521 mchapaji mwingine alikirudia, akamwita Margery mtawa wa kujifungia. Nani hasa alikuwa anazikumbuka kurasa saba za namna hiyo, zenye umri wa miaka zaidi ya 400? Mtu aliyetumia miaka zaidi ya 20 kusoma vitu ambavyo havikusomwa na mwingine. Angeitwa mtu mwingine chumbani mle, angeona kitabu cha sala tu, na kitabu kingerudi kabatini.

Muswada ulikuwa na majani zaidi ya 120, na yule "mtawa" alikuwa na watoto 14. Binti wa meya wa Lynn, mji wa bandari, aliyezaliwa mnamo 1373. Alijaribu kupika pombe ya biashara, ikamshinda: povu lilikuwa likipanda vizuri halafu linashuka ghafla. Akafungua mashine ya kusaga inayovutwa na farasi, farasi wakagoma. Akaenda Yerusalemu, akaenda Roma, akaenda Santiago, akilia kwa sauti kanisani mpaka wenzake wa msafara wakamkimbia. Alimtembelea Julian wa Norwich, mwanamke mwandishi aliyejifungia kwa ajili ya sala, wakazungumza siku kadhaa. Kitabu chake hutajwa mara nyingi kuwa tawasifu ya kwanza kwa lugha ya Kiingereza, na ndani yake hajiiti "mimi" bali "kiumbe huyu". Allen aliutangazia umma kwa barua katika gazeti la *The Times*, tarehe 27 Desemba 1934.

(Mwaka huohuo wa 1934, Alice Werner na William Hichens walichapisha utendi wa Mwana Kupona, ule wa Pate wa 1858. Werner naye alikuwa amepitia Newnham, zamani kabla ya Allen. Mwana Kupona si wa zama za kati, na sitaki kumvuta kwa nguvu. Nakutajia tu kwamba kazi ya kumsomesha mwanamke wa zamani kutoka kwenye mwandiko mgumu haikuanzia ugenini peke yake.)

Umeniuliza mtaalamu hufanya nini hasa. Hufanya hivi. Chukua sura ya 53 ya Margery. Ni mwaka 1417, amekamatwa akitaka kuvuka mto Humber, anapitishwa mji mdogo wa Hessle. Wanaume wanamwita mzushi wa dini. Kisha wanawake wanatoka mbio majumbani mwao, kwa maneno ya muswada, "wyth her rokkys", wakipiga kelele achomwe moto. Ukilisoma neno hilo kwa macho ya Kiingereza cha leo utaona mawe, na utaandika makala nzuri kuhusu wanawake waliotaka kumpiga mwenzao mawe, na utanukuu na Biblia. Lakini "rokkys" si mawe. Ni vijiti vinavyofungwa sufu wakati wa kusokota nyuzi. Kumbe wanawake wale walikuwa kazini. Waliacha kusokota wakatoka na kilichokuwa mkononi, jinsi mama wa kwetu angetoka na mwiko. "Her" nayo si "wake", ni "wao". Maneno mawili, na tukio zima limehama kutoka hukumu ya mawe hadi mtaa wa watu waliokatishwa kazi. Hiyo ndiyo kazi, kutwa nzima, mwaka mzima.

Na hapo neno limeshachapwa vizuri. Kwenye muswada wenyewe kuna tabu nyingine. Miandiko ya enzi ile iliandika m, n, u na i kwa mistari mifupi ya wima inayofanana, mara nyingi bila nukta. Neno la Kilatini "minimum" ni mistari 15 mfululizo kama uzio wa fito. Waliozoea kusoma Kiswahili cha hati ya Kiarabu wanaijua tabu ya jamaa yake, pale herufi moja inapobeba b na p na wewe msomaji uamue kwa maana. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, nilihesabu mistari vibaya katika neno moja, nikajenga mhadhara mzima juu ya kosa hilo, nikausoma mbele ya watu 30. Mzee mmoja kwenye safu ya mbele akaninong'onezea baada ya makofi. Tangu siku hiyo nahesabu mara mbili.

Margery angenielewa. Kitabu chake kilianza kuandikwa na mtu aliyekuwa ameishi Ujerumani, na mwandiko wake haukuwa wa Kiingereza wala wa Kijerumani. Kasisi aliyeombwa kuunakili upya alishindwa, akakwepa kwa miaka kadhaa, na aliporudi kuujaribu macho yakamsumbua. Akavaa miwani. Muswada unasema ikawa vibaya kuliko kabla ya kuivaa! Mwishowe, Julai 1436, akaanza. Tulichonacho leo ni nakala ya kazi yake, iliyonakiliwa na mtu aliyeacha jina lake mwishoni, Salthows, ikakaa kwa watawa wa Mount Grace huko Yorkshire ambao waliijaza maoni pembeni kwa wino mwekundu. Ukurasa wa mwisho una mwandiko uliofifia kabisa. Miaka ya karibuni ulimulikwa kwa taa maalumu ukasomeka: ni maelekezo ya kutengeneza peremende za tumbo, kwa sukari, shamari, kungumanga na mdalasini. Mtaalamu wa fasihi anafurahia kungumanga kama dhahabu, kwa kuwa inamwambia kitabu kilikaa kwa watu, kilitumika.

Sehemu nyingine ya kazi ni kumrudishia mwenye mali mali yake, na hapo mfano bora si Allen, ni Mwitaliano Romana Guarnieri. Tarehe 1 Juni 1310 mwanamke aitwaye Marguerite Porete alichomwa moto hadharani Paris kwa sababu ya kitabu alichokataa kukiacha. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeshachomwa mbele ya macho yake huko Valenciennes. Jina likapotea, kitabu kikapona: watu walikinakili bila jina, kikatafsiriwa kwa Kilatini, Kiitaliano na Kiingereza. Watawa walikisoma. Mwaka 1927 tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa London kama kazi ya mtu asiyejulikana, na ikapewa kibali rasmi cha Kanisa. Kitabu kilichomwua mwenyewe kikapigwa muhuri kwamba hakina kosa! Guarnieri ndiye aliyeweka kumbukumbu za kesi ya 1310 kando ya maandishi ya Kilatini, akaona sentensi zilizohukumiwa ndizo hizi zilizomo humu, ikiwamo ile ya nafsi inayoziaga fadhila na kuacha kuzitumikia. Alitangaza mwaka 1946. Marguerite alikuwa amekaa miaka 636 bila jina lake.

Nikirudi kwa baba yako. Anachotaka kujua ni nani anamlipa mtu wa namna hii. Sasa vikumbuke vile vijiko. Allen hakuishi kwa mshahara wa chuo. Aliishi kwa kipato cha familia, kilichotokana na ile kampuni ya Oneida. Guarnieri naye hakuishi kwa kiti cha chuo kikuu wakati anagundua alichogundua. Wasifu wao husimuliwa kana kwamba walikula hewa na hamu ya elimu. Uongo huo unaumiza watoto wa watu wasio na hisa. Wewe huna kampuni ya vijiko, nami sina. Kwa hiyo kwa mtu kama wewe njia ni chuo kikuu, na njia hiyo imebana. Nafasi ni chache, nyingi ni za mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na hata zilizopo hazina uhakika. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Leicester kilitangaza mpango wa kuacha kufundisha fasihi ya Kiingereza ya zama za kati. Leicester ni mji uleule ambako meya alimtia Margery mbaroni mwaka 1417. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, halafu nikanyamaza.

Mweleze hivyo baba, usimfiche. Lakini mwambie pia kwamba wengi niliosoma nao wanaishi, ila si wote kwa jina la kazi waliyoisomea. Mmoja anatunza nyaraka, mmoja anahariri kamusi, wawili wanafundisha fasihi yote kuanzia Homer hadi jana na wanapata zama za kati mara moja kwa mwaka. Ukiweza kusoma Kilatini na mwandiko wa karne ya 14, na ukajua kuhariri maandishi kwa kompyuta, milango ya maktaba na kumbukumbu za taifa inafunguka kuliko ya idara za fasihi. Allen mwenyewe alifanya kazi kwenye mradi wa kamusi Michigan katika miaka ya 1930. Na akiwa nyumbani Oneida alikuwa akiandika hadithi alizosimuliwa na Waoneida, wenyeji wa nchi ile, zilizokuja kuwafaa watafiti wengine kabisa.

Kuna jambo la pili la kusikitisha ambalo watu wa fani hulipitia haraka, mimi naona ndilo la kukuonya. Muswada wa Margery ulipopaswa kuchapishwa, Allen aliona kazi ya lugha inahitaji mtu mwingine, akamkaribisha kijana wa Michigan, Sanford Meech. Uhusiano ukachacha. Kitabu kilipotoka 1940, namba 212 katika mfululizo wa Early English Text Society, chama kinachochapisha maandishi ya kale ya Kiingereza, jina la Meech likatangulia kama mhariri, na aliyeutambua muswada akawekwa kwa dibaji na sehemu ya maelezo. Allen akaahidi juzuu ya pili, ambayo ingemweka Margery kati ya wanawake wenzake wa Ulaya, watakatifu wa Uswidi, Prussia, Uholanzi. Akakusanya. Akaendelea kukusanya. Kila jibu lilimzalia maswali matatu. Alifariki 1960, juzuu haijatoka, na hadi leo haijatoka. Karatasi zake zipo Bryn Mawr na Oxford, masanduku kwa masanduku.

Wengine husema ni ugonjwa, na kweli alikuwa mtu wa kuugua. Wengine humlaumu Meech. Mimi nadhani alikosa mtu wa kumwambia "leta kilichopo". Profesa mwenye idara ana wanafunzi, ana tarehe ya mwisho, ana mkuu anayembughudhi. Msomi wa nyumbani ana uhuru, na uhuru ule ulimmeza. Juzuu ile ingekuwa kubwa kuliko zote alizoandika, na wanawake waliokuja baada ya 1980, muswada uliponunuliwa na Maktaba ya Uingereza, walilazimika kuivumbua upya hoja ambayo yeye alikuwa nayo tangu kabla ya vita. Basi ukiingia kwenye kazi hii, tafuta mtu wa kukubughudhi kabla hujatafuta ufadhili.

Na usidhani kila kitu kimeshapatikana. Kwa miaka mingi kulikuwa na waliosema Margery ni mhusika wa kubuniwa. Mwaka 2015 ikachapishwa barua ya Juni 1431 kutoka Danzig, ambayo leo ni Gdańsk, Poland, iliyoandikwa kwa ajili ya John Kempe wa Lynn. Kitabu cha Margery kinasema mwanawe alikuwa akiishi na kufanya biashara pande hizo, na kwamba alirudi nyumbani akafa. Barua inaingia pale pale. Ilikuwa imelala kwenye hifadhi miaka 584, ikingoja mtu atakayelijua jina hilo akiliona.

Sasa uanze vipi ukiwa Morogoro, na kipindi cha saa mbili asubuhi kinakusubiri? Kilatini kwanza. Kiingereza cha kale utajifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa, Kilatini hapana. Kwetu hapa Kilatini kinakaa seminari. Nenda kwa mapadri, usione haya, waeleze unachotaka. Nimewajua wazee wa seminari waliofurahi mno kupata mwanafunzi asiyelazimishwa. Kifaransa utakihitaji kwa ajili ya Christine, na Kijerumani cha kusomea tu kitafuata. Wasifu wa Margery kwa toleo la Lynn Staley la 1996 uko bure mtandaoni, wenye maelezo ya maneno pembeni. Kamusi kubwa ya Kiingereza cha kale ya Michigan, ileile ambayo Meech alikuwa akiitumikia na iliyokamilika 2001, nayo ni bure. Miswada ya Christine iliyoko Paris unaweza kuifungua Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Ufaransa, kwa simu yako hiyohiyo. Ile ya London ilipata msukosuko, kwa sababu shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 liliangusha huduma za Maktaba ya Uingereza kwa muda mrefu. Unapokuta muswada mtandaoni, pakua, usiseme nitarudi kesho.

Kuhusu masomo ya juu, vyuo kama York, Leeds na Toronto vina vituo kamili vya zama za kati, na Toronto inajulikana kwa mitihani yake ya Kilatini ambayo imewaliza wengi. Wafadhili wengi wanaosaidia watu wa kwetu watataka uwaambie hili linaisaidiaje nchi. Usiwatungie uongo kuhusu maendeleo. Zungumzia ufundi: kusoma hati ngumu, kuhariri, kuhifadhi. Nchi yenye hati nyingi za Kiswahili ndani ya masanduku ya watu pwani nzima inamhitaji mwenye ufundi huo, na hilo ni kweli tupu.

Lakini usitume maombi popote mwezi huu. Fungua kwanza ile sura ya 53. Baada ya Hessle, Margery anapelekwa Beverley, anafungiwa chumba cha juu katika nyumba ya mtu. Anasimama dirishani anasimulia hadithi, wanawake chini wanalia. Ana kiu. Mke wa nyumba anasema mume ameondoka na ufunguo. Basi wanawake wanaleta ngazi, wanaiegemeza dirishani, wanampa divai katika chungu na kumpa na "pece", wakimwomba avifiche vyote viwili mume akirudi asivione. Usikubali kwamba ni kipande cha kitu. Litafute neno hilo kwenye kamusi ya Michigan, unakili mstari mzima kwa mkono, halafu mstari uliotangulia, na unaofuata, mpaka chini. Ukifika mwisho wa sura niandikie umekwama wapi.